Pointi za Mzee Ambalal

Mzee Ambalal, mwenye duka la vitambaa ambako nilikuwa karani, ndiye aliyetunga mchezo wenyewe. Kabla ya mechi ya kriketi kila mmoja wetu anataja wachezaji watano, wa upande wowote. Mpigaji akipata mbio moja, ni pointi moja. Mrushaji akimtoa mpigaji, pointi ishirini. Mshindi anapewa sinia zima la bajia za Kamla, mke wa mzee.

Jumapili moja, mwaka wa 1974, timu ya Nanyuki ilikuja Ruring'u, uwanja wetu wa Nyeri. Wenzangu wakachagua wapigaji wa Nyeri, kwa mapenzi tu. Nikawacheka. Mpigaji atoke jasho mchana kutwa kutafuta ishirini, na mrushaji azipate kwa mpira mmoja? Nikachukua warushaji watupu, wanne wakiwa wa Nanyuki, na wa kwanza kabisa Peterson, dereva wa lori ambaye mpira wake huuoni ukipita. Nilijiona profesa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mchezaji wetu mmoja aliteguka mguu, na nahodha Govind akatazama huku na huku, akaona viatu vyangu vyeupe, akaniita nicheze. Miaka yote nilikuwa namwomba nafasi. Nikaruka kwa furaha.

Niliingia wa mwisho. Tulibakisha mbio mbili tu tushinde, na aliyekuwa anakuja na mpira mkononi ni Peterson wangu. Akinitoa, Nyeri tumeshindwa, lakini bajia ni zangu.

Nikaapa kimoyomoyo: bajia zipotelee mbali, leo mimi ni mtu wa Nyeri. Nikauma meno, nikalizungusha gongo kwa nguvu zangu zote. Nikapiga hewa. Vijiti nilivyopaswa kuvilinda vikaruka nyuma yangu; nimetolewa.

"Ametuuza!" akafoka Theuri, muuza nyama. "Ati anachagua Peterson, halafu anamwachia vijiti! Huyu asicheze na sisi tena!"

"Haki ya Mungu nilijaribu!"

Hakuna aliyesadiki. Na nilikuwa nasema kweli. Ndipo Govind akainua mkono.

"Wachaneni na yeye. Mimi nacheza na huyu Ngatia kila jioni nyuma ya duka. Hiyo mpira hakukosa makusudi. Yeye hukosa kila siku."

Wakatazamana. Wote wakakubali papo hapo, hata Theuri, ambaye alinishika bega akaniomba msamaha. Kamla akaniletea sinia. Nikala bajia zangu huku wakinihurumia, na kila tonge nikitamani waniite tena msaliti.