Wasifu wa Gavana Mlangoni

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, Toongabbie huku ughaibuni, kila mlango una karatasi ya wasifu: mtu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, anapenda nini. Mfanyakazi mgeni huisoma kabla ya kuingia, asije akamkosea mzee. Ya Libère Kubwimana niliiandika mimi, kwa sababu binti yake Verdiane, Kiingereza kinampiga chenga.

"Andika alikuwa gavana wa mkoa kwetu Burundi," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha kambi ya wakimbizi. "Na ile ya jina usisahau, dada Nella. Tangu akili imtoke hafungui kinywa mpaka umwite Mheshimiwa Gavana. Ukimwita hivyo, anakula vizuri tu."

Nilimtambua kabla Verdiane hajamaliza kusema. Huyu ndiye aliyetia saini baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, achukuliwe. Mama alikaa miezi saba kwenye benchi la ofisi yake akiuliza maiti iko wapi, na kila mara alifukuzwa. Baba hatukumzika.

Basi nikaandika: Libère, karani mstaafu. Anapenda redio. Mwite kwa jina lake la kwanza.

Wazungu wa hapa hawahitaji kuambiwa hilo mara mbili. "Morning, Libère, mate," wanasema kishikaji, kijiko mkononi. Mzee anakaza midomo na kuwatazama kama watu waliokosea ofisi. Nilikwenda kucheka chooni peke yangu. Nilitaka aonje kuwa si kitu, basi, wiki mbili tatu.

Wiki ya tano suruali yake ilikuwa inafungwa kwa kamba. Jumapili Verdiane akaja kutoka kwake Doonside, akamlisha mabakuli mawili, kisha akasimama mlangoni akipitisha kidole kwenye maneno asiyoyaelewa.

"Ile ya jina uliandika?"

"Niliandika, dada. Ni uzee tu."

Alinishukuru, akaniachia mfuko wa maparachichi. Niliyala yote.

Alhamisi Wangari, nesi wetu Mkenya, alinivuta kando. "Nella, weight yake imeshuka kilo tisa. Asipokula leo, doctor anampeleka hospitali, na sidhani atarudi. Wewe ni wa kwao, hebu jaribu."

Niliingia na uji wa moto, nikafunga mlango. Mzee alikuwa akitetemeka. Alinusa, mate yakamtoka, akanitazama akingoja. Maneno mawili tu, na nilikuwa nayo mdomoni.

"Baba yangu mlimzika wapi?" nikamwuliza kwa Kirundi.

Aliinua kidevu, akaendelea kungoja heshima yake.

Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake na kuanza kula. Nilikula uji wake polepole, kijiko baada ya kijiko, hadi nikakwangua bakuli. Alilia bila sauti. Ulikuwa mtamu, sitasema uongo.

Kisha nikatoka, nikaandika kwenye kitabu cha chakula: amemaliza wote. Wangari alisoma, akanikumbatia.