Maua ya Nyuma ya Kanisa

Jemimah alijua. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko maneno ya mtu yeyote. Alipofika kwenye ule mti wa haibiskasi nyuma ya kanisa, aliona udongo wa shinani umelowa na mawe yamepangwa kuuzunguka, ilhali mvua ilikuwa imeisahau Isiolo kitambo. Akaangalia huku na huku. "Hauna mwenyewe," alijiambia, akachuma maua mekundu yote hadi mti ukabaki majani.

Alikuwa mgeni mjini, na wengi walimjua kwa jina la mwanawe tu, Mama Tyson. Mumewe, Githae, alikuwa amefungua duka la vitambaa karibu na stendi, na akina mama wa kanisa walikuwa wamemwalika mkutanoni kwa mara ya kwanza. Hakutaka kwenda na mkate mtupu. Alitaka wamkumbuke.

Aliyachemsha maua mpaka maji yakawa kama wino, akayachuja kwa kitambaa, akakamulia ndimu. Papo hapo yakageuka mekundu ya kung'aa. Akatia sukari na maji ya matufaha mabichi aliyochemsha ili jeli ishike, akakoroga huku jasho likimtiririka. Ilipopoa ndani ya chupa, hata yeye aliishangaa.

Mkutano ulikuwa kwa Mama Ekuam, mjane Mturkana aliyempokea kwa mikono miwili. Huyo Ekuam mwenyewe Jemimah hakuwa amewahi kumwona. Alidhani yuko shule ya bweni.

"Hii ni tamu, Mama Tyson!" Mama Ekuam alisema, akiipaka tena kwenye mkate. "Umetoa wapi?"

"Nimepika mwenyewe. Ni maua tu. Kuna mti huko nyuma ya kanisa, hauna mtu."

Vikombe vikatulia. Mama Ekuam akaacha kutafuna. Hakutema, alimeza kwa shida, akauweka mkate kwenye sahani taratibu, kisha akainuka na kuingia chumbani.

"Hapo ndipo kijana wake, Ekuam, amelala," alisema Makandi, mwenyekiti wao, kwa sauti ya chini. "Msalaba wa kaburi uliliwa na mchwa, mama akapanda hayo maua. Jumapili tuko na maombi ya ukumbusho."

"Sikujua" ilikuwa tayari mdomoni mwa Jemimah, lakini akaukumbuka ule udongo uliolowa, akaimeza. Akamfuata Mama Ekuam hadi mlangoni.

"Mama, nimekukosea. Niliona kuna mtu anaumwagilia maji. Niliona, na bado nikachuma."

Mama Ekuam alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Ungeuliza tu," akasema. "Ningekuchumia mwenyewe."

Kofi lingekuwa nafuu.

Jumapili alijifanya anaumwa kichwa, lakini Githae akakataa katakata. "Enda. Ukijificha leo, utajificha mpaka lini?" Basi akaenda, akasimama nyuma ya watu wote, mbali na ule mti usio na ua hata moja. Mama Ekuam aligeuka, akamtafuta kwa macho.

"Mama Tyson, kuja hapa karibu."

Watu wakampisha. Jemimah alipita katikati yao akitazama viatu vyake. Mama Ekuam akamshika mkono, kiganja chake kigumu na chenye joto, wala hakuuachilia. Angetukanwa, angejua la kufanya. Wimbo ulipoanza, kila mtu aliimba isipokuwa Jemimah.