Kifaru cha Kahawa

Mzee Tahiru wa Oli, pale Arua, aliendesha vifaru vitani miaka kumi na minane. Kimoja alikipitisha chini ya Mto Nili, mamba wakimchungulia dirishani na kumpigia saluti. Hivyo ndivyo alivyosimulia mwenyewe. Daftari la jeshi lilisema alikuwa mpishi, lakini daftari liko mbali, na Tahiru alikuwa hapa hapa barazani.

Masimulizi hayo ndiyo yaliyomdanganya mpwa wake Fadhul. Aliporudi kutoka mafunzo ya ng'ambo mwaka wa sabini na sita, alimletea mjomba zawadi: kifaru cha kuchezea kinachoongozwa kwa redio, urefu wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kilikuja vipande vipande ndani ya boksi, pamoja na kisanduku chenye antena na vijiti viwili, na karatasi ya maelekezo ambayo Oli nzima hakuna aliyejua aanze kuisoma upande gani. Tahiru aliitumia kufungia tumbaku. Alikaa siku tatu na bisibisi na gundi, kifaru kikasimama, na skrubu saba zikabaki.

"Hizi za akiba," alimwambia jirani yake Celestino, fundi baiskeli.

"Akiba gani, Mzee? Hiyo gari itaanguka matako njiani."

Kingebaki mchezo tu, kama si mama mkwe.

Bi Rehemah, mama yake Sadiya, mke wa Tahiru, alikuwa amehamia kwao baada ya mvua kuangusha paa lake kule Dranya, upande wa Koboko. Na kwa desturi yao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasogeleani. Yeye akitoka uani, Tahiru anaingia ndani. Tahiru akikohoa, yeye anajifunika shela na kukimbilia nyuma ya ua wa matete. Sadiya akishakwenda sokoni na vitambaa vyake, watu wazima wawili walikwepana kwa adabu kubwa mpaka adhuhuri. Jiko la kahawa lilikuwa karibu na baraza, kwa hiyo Bi Rehemah alishinda asubuhi nzima koo kavu.

Jumatano alimwambia binti yake, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani: "Mimi nakwenda Dranya Ijumaa, na lori. Mutu anajificha kwa nyumba yake kama mwizi, sababu yangu. Hii iko aibu."

Sadiya alilia. Tahiru naye aliumia, kwa jambo ambalo hakumwambia mtu. Kila alipomsimulia Celestino habari za vita, nyuma ya matete kulikuwa na mtu aliyecheka. Si kicheko cha heshima, bali cha kushika mbavu. Celestino alikuwa amechoka na uongo ule tangu zamani, na Sadiya alishaukariri. Msikilizaji wa namna ile utampata wapi tena?

"Kahawa," Tahiru alisema. "Akipata kahawa ya asubuhi bila mimi kumsogelea, atakaa."

Akakivamia kifaru. Aling'oa mnara pamoja na mzinga wake. Mahali pake akafunga pete mbili za waya, moja ndani ya nyingine, kila moja ikicheza kwenye misumari yake, ili kikombe kisimame wima hata kifaru kikipanda jiwe. Minyororo ya plastiki ya magurudumuni iliteleza mchangani. Celestino akakata mpira wa ndani wa baiskeli, wakaubandika juu yake kwa gundi ya viraka. Mawe ya tochi yalikuwa yameadimika madukani, basi Tahiru akatoa yale ya redio yake, akayaanika juani yapate nguvu, na habari za dunia akaziacha ziende zake. Walijaribu kwa maji, nusu kikombe kikamwagika. Akafunga skrubu saba chini ya pete ya ndani ziwe uzito. Safari ya pili halikumwagika tone.

"Nilikwambia za akiba!"

"Nyamaza, Mzee."

Alhamisi, Sadiya alipokwenda sokoni, Tahiru alichemsha kahawa na tangawizi, akajaza kikombe, akakitua kwenye pete. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hana ruhusa ya kutazama kule kinakokwenda, kwa mama mkwe. Akageukia ukuta, akaupa ua mgongo, kisanduku mapajani. Celestino, ambaye hakuwa mkwe wa mtu pale, akasimama kumwongoza.

"Mbele. Mbele tu. Sasa kushoto."

Kifaru kikageuka.

"Kushoto, wewe!"

"Kushoto ya nani?"

"Ya kifaru!"

"Kifaru kinaangalia wapi?"

"Kinaangalia jogoo!"

Tahiru alivuta kijiti, Celestino akapumua. Kisha akashika kichwa. "Simama! Mama iko ameona. Ametoka nyuma ya matete, amesimama, amejifunika. Anataka kukimbia."

Tahiru aliachia vijiti. Akikimbia sasa, kesho ni lori. Kumwita hawezi, kugeuka hawezi. Akauambia ukuta, kwa sauti kubwa:

"Celestino, nilikwambia siku jogoo alipozuia vifaru arobaini?"

"Hapana, na mimi sitaki—"

"Ilikuwa jangwani. Jogoo akasimama katikati ya njia, hatoki. Jenerali akachungulia, akasema: huyu ana cheo, rudini nyuma. Tukarudi nyuma siku mbili! Mwisho tukamwandikisha jeshini. Akapewa ukoplo, na mimi nikawa namsafishia viatu."

"Jogoo havai viatu!"

"Ndiyo maana kazi ilikuwa nyepesi."

Nyuma yake kikatoka kile kicheko, safari hii bila matete ya kukizuia.

"Amekaa," Celestino alinong'ona. "Mbele kidogo. Kidogo. Basi."

Tahiru alisikia kikombe kikinyanyuliwa, na baada ya muda, mtu akipuliza kahawa ya moto na kuifyonza. Mwishowe Bi Rehemah alizungumza, si na Tahiru wala Celestino, bali na kifaru.

"Wewe kifaru. Rudi kwa bwana yako, mwambie kahawa iko tamu. Lakini tangawizi iko kidogo. Kesho aongeze."

"Amesema nini?" Tahiru aliuliza ukuta.

"Amesema tangawizi iko kidogo."

"Na nini tena?"

"Kesho uongeze."

"Kesho ni siku gani, Celestino?"

"Ijumaa. Si siku ya… eee!"

Tahiru alicheka kimya kimya, paji la uso likigusa ukuta. Bi Rehemah alikuwa bado hajamaliza na kifaru.

"Na muulize pia: hiyo koplo jogoo, mwisho yake ilikuwa nini?"

"Kifaru," Tahiru alisema, taratibu, kama mtu mwenye siku nyingi mbele yake, "mwambie Mama hiyo ni habari ndefu. Kwanza alipandishwa akawa sajini."

Celestino akavuta kigoda, akakaa.