Mgongo wa Ildefons

Asubuhi ya Jumatatu, maji ya mvua yakiwa bado yanadondoka kutoka kwenye mabati ya sokoni Bukoba, Mushumbusi aliingia katika karakana ya redio ya Mzee Clavery, akatundika koti lake msumarini kama kawaida, kisha akalitungua tena. Akaweka funguo za stoo mezani, kando ya kikombe cha chai cha bosi wake, akasema anaacha kazi. Anakwenda kwa Rugaibula.

Mzee Clavery hakuacha kunywa chai. "Rugaibula yupi?" akauliza, ingawa Rugaibula alikuwa mmoja tu, ng'ambo ya barabara, na kibao chake kilionekana kutoka pale pale alipoketi.

"Wa michoro, mzee."

"Umesomea transista mpaka Mwanza, sasa unakwenda kushika brashi."

"Ndiyo, mzee."

Mushumbusi alikuwa meneja wa ufundi, mtu wa pili katika karakana, tangu mwaka uliofuata kumalizika kwa vita na Amin. Kwa hiyo mji ulilizungumza jambo hilo kana kwamba waziri amejiuzulu na kuhamia nchi jirani. Ofisi hizo mbili zilikuwa hazipatani. Miaka ile kila biashara ililegea isipokuwa ya msiba, na wote wawili walikuwa wakiigombea. Clavery alitengeneza redio ambazo watu walisikilizia matangazo ya vifo jioni, na kuzipeleka Dar es Salaam tanzia za familia ili zisomwe. Rugaibula aliwachora marehemu kwenye bati na kuwasimamisha makaburini. Kila mmoja alidai kwamba mwenzake anakula kwa mgongo wa maiti, na kwa hilo tu wote wawili walikuwa wakweli.

Watu walisema Rugaibula amemwahidi Mushumbusi cheo. Wengine walisema Clavery alimdharau mbele ya wateja. Yote hayo yalikuwa maneno ya barazani. Mushumbusi alihama kwa sababu ya kaka yake Ildefons, aliyefariki mwezi wa tano na ambaye hakuwa amenyamaza.

Ildefons alikufa kwa Juliana. Ndivyo watu wa Kagera walivyouita ugonjwa huo, kwa jina la vitambaa vya mashati vilivyovushwa kwa magendo kutoka Uganda baada ya vita, kwa kuwa waliovileta na waliovivaa ndio walioanza kuzikwa. Baada ya matanga, redio yoyote iliyopita mikononi mwa Mushumbusi ilianza kumtoa Ildefons. Jioni mtangazaji wa Dar akishamaliza tanzia zake, sauti ya Ildefons iliingia, nzito, yenye kikohozi kile kile, ikafuata utaratibu wote wa matangazo.

"Habari zimfikie mdogo wangu Mushumbusi wa Kibeta, popote alipo. Waambie ukoo kwamba nilianza kuugua kabla sijamwoa Kokuhirwa. Wewe unajua. Kibanja kibaki kwake na mtoto."

Wateja hawakushangaa. Walilalamika tu kwamba marehemu anamaliza betri, na wengine walirudisha redio wakiomba zirekebishwe ili zikomee kwenye taarifa ya habari. Mushumbusi alizifungua, akabadilisha transista, akatia lehemu hapa na pale, akazifunga. Jioni Ildefons alirudi pale pale.

Na ilikuwa kweli Mushumbusi anajua. Ildefons alipokuwa akinunua sangara kisiwani Goziba na kuwavusha mpakani, alirudi mara moja akiwa amekonda na ana vidonda mdomoni, na ni Mushumbusi aliyempeleka hospitali. Daktari aliwaita wote wawili ndani, akafunga mlango, akautaja ugonjwa kwa jina lake la kitabuni. Njiani, nyuma ya lori la mkaa, Ildefons alisema, "Tusiwasumbue watu." Mwezi uliofuata alimwoa Kokuhirwa kanisani, na Mushumbusi alisimama kando yake akiwa ameshika pete. Bibi harusi alimkonyezea jicho la kumshukuru. Jicho hilo halikuwahi kumtoka.

Sasa ukoo ulikuwa unasema Kokuhirwa ndiye aliyeleta Juliana nyumbani. Kwa kuwa alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, Petronila, ambaye bado alibebwa mgongoni, hapakuwa na mtu wa kuzuia asifukuzwe. Kibanja cha Kagondo, na migomba yake yote na mibuni iliyopandwa na babu, kingekwenda kwa omusika, mrithi aliyetajwa na ukoo. Omusika huyo alikuwa Mushumbusi.

Jumamosi iliyotangulia ile Jumatatu, ukoo ulikaa sebuleni kwa marehemu, kwenye nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni, na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna kikapita kwa kila mtu. Kokuhirwa alileta redio, akaiweka katikati, akaketi karibu na mlango kama desturi inavyotaka. Ildefons alisema yote, tangu "habari zimfikie" hadi "kwake na mtoto." Baba yao mkubwa, Ta Nathanael, aliyekuwa mkuu wa ukoo, alimsikiliza bila kumkatiza, kwa sababu Ildefons alikuwa mtu mzima na mwenye adabu.

"Tumekusikia, mwanangu," akaiambia redio. "Lakini wewe ni marehemu, na kikao hiki ni cha walio hai. Kama yupo mwanaukoo aliye hai anayeyajua hayo, asimame aseme. Hapo tutamwachia mama huyu kibanja, na hakuna atakayemgusa."

Mushumbusi aliendelea kutafuna kahawa. Iliisha utamu, yeye akaendelea kuitafuna. Ta Nathanael alingoja kwa haki kabisa, muda wa kutosha mtu kusimama hata kama magoti yanamuuma, kisha akasema uamuzi utatolewa siku ya kujengea kaburi. Na Jumatatu Mushumbusi akarudisha funguo. Alikuwa amefikiri sana njiani, akaona kwamba picha ina faida moja kubwa kuliko redio.

Kazi yake ya kwanza kwa Rugaibula ilikuwa kumchora Ildefons. Rugaibula alimpa kwa heshima, kama mtu anavyompa mgeni kipande cha nyama ya kidari. Mushumbusi alichora kutoka kwenye picha ya kitambulisho, akampa kaka yake shati la Juliana lenye maua, mashavu aliyokuwa nayo kabla ya Goziba, na mdomo uliofungwa vizuri. Ule mdomo aliutia rangi mara mbili. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano alikula chakula cha jioni bila kusikiliza chochote, na mkewe Alistidia alifurahi kumwona anaomba ndizi za kuongeza.

Kokuhirwa alikuja siku picha ilipokuwa ikikauka. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akaitazama kwa muda mrefu.

"Amefanana, mulamu," akamwambia shemeji yake.

"Ahsante."

"Watu wa redio wanasema umewakimbia."

"Nimebadilisha kazi tu, Ma Kokuhirwa."

"Sijakuja kugombana." Alimpandisha mtoto vizuri, akakaza khanga. "Nina migomba niliyoipanda mwenyewe pale. Sina kwetu pa kurudi, kaka zangu wote wamezikwa, unajua. Siku ya kaburi wewe sema neno moja. Sema ulikwenda naye hospitali, basi. Picha haina mdomo, mulamu. Wewe unao."

Mushumbusi alisema atafikiri. Alimaanisha hivyo, hakuwa mtu mbaya. Alifikiri wiki nzima, na kila alipofika kwenye neno hospitali aliliona lile jicho la bibi harusi, akajiuliza angewaeleza nini watu kuhusu pete. Mawazo yake hayakupita hapo.

Siku ya kujengea kaburi hali ya hewa ilikuwa njema. Mafundi walimwaga saruji katikati ya migomba, picha ikasimamishwa kichwani pa kaburi ikiitazama nyumba, na mwinjilisti akasali. Ta Nathanael aliuliza kwa mara ya mwisho kama yupo mwanaukoo aliye hai mwenye neno. Kokuhirwa hakumtazama Mushumbusi. Alitazama chini, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvaa nguo.

Mushumbusi alikohoa kidogo. Wote wakageuka. Akasema saruji inahitaji kumwagiwa maji asubuhi, isije ikapasuka.

Basi Kokuhirwa akaambiwa aondoke kabla ya Jumapili. Hakulia. Alikwenda jikoni kupakua chakula cha wageni, kwa kuwa kilikuwa kimeiva, na hakuna mwingine aliyejua sahani zinawekwa wapi.

Jua lilipokuwa likishuka, Ildefons aligeuka. Aliinua bega la kulia, akalifuatisha la kushoto, taratibu, kama mgonjwa anavyogeuka kitandani, akawapa ukoo mgongo. Maua ya shati yaliendelea hadi nyuma, bila kosa. Wageni walikuwa bado wanakula. Mmoja alisema ni kwa sababu rangi haikukauka. Ta Nathanael alitikisa kichwa.

"Mushumbusi, mgeuze kaka yako. Si vizuri watu wakila."

Mushumbusi alichukua brashi, akachora uso upya juu ya kisogo. Jioni iliyofuata Ildefons aligeuka tena. Alichorwa tena, akageuka tena, na rangi ikazidi kuwa nene mpaka Rugaibula akalalamika kuwa mali inapotea. Mwishowe walikubaliana kumwacha alivyotaka. Mushumbusi alikisafisha kisogo, akazinyoosha nywele, akatia kivuli kidogo chini ya kola. Hata Ta Nathanael alikiri kuwa ni kazi safi. Ni kweli kwamba marehemu sasa alikuwa anatazama ziwani, upande wa Goziba, ambako Kokuhirwa alikwenda kwa boti ya wavuvi, na watu walisema anaanika dagaa kwenye mawe na kulala kwenye kibanda cha majani ya mgomba. Hakuna aliyeona sababu ya kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Kabla ya msimu wa senene, sifa zilikuwa zimeenea hadi Muleba. Familia zilizokuja kwa Rugaibula zilieleza tatizo lao kwa upole: wajane wameshaondoka, na baba au kaka aliyechorwa hataki kukaa mbele. Baadaye wakaacha kusumbuka. Waliagiza mgongo moja kwa moja. Mushumbusi alipewa cheo cha mkuu wa michoro, na akawa fundi wa visogo anayeheshimika. Alijua kisogo cha mwalimu na cha dereva, alijua namna kola ya shemasi inavyokaa. Mzee Clavery alipopita barabarani aliyaona mabati yamepangwa nje yakikauka, marehemu wengi wakiutazama ukuta, na akasema kwamba angalau kwa redio mtu angeweza kubadilisha stesheni.

Mushumbusi na Alistidia walihamia kwenye kibanja cha Kagondo pamoja na mabinti zao. Kilikuwa kibanja kizuri, chenye mbolea, na ile migomba ya Kokuhirwa ilizaa kuliko yote. Mwaka uliofuata Mushumbusi alianza kukonda. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha lingine. Alistidia hakuuliza ni nini, maana Kagera nzima hakuna aliyekuwa anauliza tena. Aliuliza jambo lingine.

"Watasema mimi ndiye niliyekuletea, sivyo?"

"Huenda wakasema."

"Na mimi nina wasichana watupu. Nenda kwa Ta Nathanael ungali hai. Mwambie ya kwako na ya kaka yako. Mwambie amrudishe Kokuhirwa. Tutaishi wote hapa, ndizi zinatosha."

"Nitakwenda kesho," Mushumbusi alisema, na hilo likawa jibu lake kwa siku kadhaa.

Hapo Alistidia akamletea bati, rangi na kioo, akamwomba ajichore mwenyewe, waone atatazama wapi. Mushumbusi alijichora mchana, uwani, akiwa ameegemea ukuta. Alijitazamisha mbele. Aliyajaza mashavu kidogo, na macho akayafanya yamtazame mtazamaji popote anaposimama, ufundi ambao ni yeye tu alikuwa nao. Alistidia akaisimamisha picha kando ya chungu, akaketi kupukuchua maharage, akaingoja.

Jua lilipofika kwenye migomba, yule wa kwenye bati aliinua bega la kulia.

Alistidia aliacha maharage, akamgeukia mumewe aliye hai. Mushumbusi alifungua mdomo. Mkewe alimngojea kwa adabu, kama Ta Nathanael alivyongoja sebuleni siku ile, mpaka bega la kushoto nalo likafuata, na kilichotoka mdomoni kikawa kikohozi. Basi akaingia ndani kukunja nguo. Alianza na masweta ya watoto, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba Goziba kuna upepo.