Jiwe la Kasongo

Eufrasia alifika monasterini kabla ya mafundi, akaegemeza mgongo kwenye jiwe la mumewe, akakunja mikono. Nani angemtoa? Mwanamke aliyelea watoto kwa kuanika dagaa juani hatishwi na nyundo.

Jengo lile lilikuwa juu kidogo ya ufuko, upande wa Mwamgongo, na halikuwa na mwenzake ziwa zima. Aliyelijenga ni mtawa mmoja wa Armenia, mzee mbishi aliyekataa mbao na bati. Alisema monasteri za kale za kwao ni mawe kuanzia msingi hadi kuba, na kwenye kuta zake kuna misalaba ya kuchongwa, hakuna unaofanana na mwingine. Watawa wakaja wakaondoka, misalaba ikabaki, wanakijiji wakaifanya yao. Mvuvi akizama na mwili usionekane, ndugu zake huchagua jiwe ufukoni, hulichonga msalaba, fundi akalipachika ukutani. Hilo ndilo kaburi lake. Na jiwe halitoki mpaka ziwa limrudishe mwenyewe.

Sasa kamati ya kanisa ilitaka kubomoa. Mwenyekiti wake, Martini, mkandarasi aliyelelewa na mjomba wake mjini Kigoma, alitaka kanisa la vigae na madirisha ya alumini. Mawe ya zamani yangekuwa kifusi cha msingi.

Kifusi! Kasongo wake akanyagwe na viatu vya maharusi! Eufrasia alichemka tangu siku alipolisikia neno hilo.

Martini akashuka botini, akapanda na mafundi wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Rudini mlikotoka."

"Mama, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu ni nani hapa? Mimi nimekubeba mgongoni!"

Mafundi wakacheka. Martini hakucheka. Akanyoosha kidole juu ya bega la Eufrasia. "Jengo limechoka, litaua watu. Ona tundu lile, jiwe zima limeng'oka lenyewe."

Kicheko kikakatika. Onesmo, fundi mkuu, mzaliwa wa pale, akainamia kamba za viatu vyake.

"Halikung'oka lenyewe," Eufrasia alisema. "Ulikuwa mdogo, mtumbwi wa baba yako ukapinduka. Tukawatafuta mpaka tukakata tamaa. Mama yako, marehemu Veneranda, akaleta mawe mawili, la baba yako na lako. Kisha wavuvi wa Kongo wakakurudisha ukiwa hai, tukalitoa lako kwa vigelegele. Mama yako akakataza tundu lisizibwe. Alisema kila atakayeliona ajue kwamba ziwa hurudisha."

Martini alisogea, akaingiza mkono tunduni taratibu. Vidole vyake vikagusa msalaba wa jiwe la jirani.

"Huyo ndiye baba yako," Eufrasia alisema. "Haya, anza naye. Ukimmaliza, njoo kwangu. Ila uje na Kasongo. Mlete, hai au maiti, nami jiwe hili nitaling'oa kwa kucha zangu."

Onesmo akaweka nyundo chini.

"Na kanisa jipya?" Martini aliuliza, sauti imempungua.

"Uwanja upo tele. Jenga pembeni."

Wakashuka. Eufrasia hakubanduka ukutani mpaka aliposikia injini ya boti yao ikiwaka. Ndipo akageuka, akalipangusa jiwe kwa ncha ya kanga. Machozi yalimtoka, naye akayaacha yatoke.

"Haya, Kasongo," akasema. "Mimi nimekataa huku. Na wewe kataa huko, urudi."