Ruta Nyuma ya Pazia

Katika ukoo wetu mimi ndiye fundi wa kompyuta. Sina cheti, cheo nilipewa na mashangazi walionipigia simu kila printa zao zilipogoma. Dawa yangu ilikuwa moja tu: zima, subiri kidogo, washa. Ndiyo maana wakaniita Zima-Washa. Na kabla ya dawa nilikuwa na swali langu, ambalo mke wangu alilisikia kuliko wote: "Umegusa nini?"

Kwa sifa hizo mama mdogo akanichukua kazini kwake. Ana karakana ya meno ya bandia: vyumba vitatu chini, ofisi yake juu, kompyuta tisa, na kabatini seva moja inayotunza vipimo vya vinywa vya watu.

"Nyumbani unazo mbili," aliniambia. "Hizi tisa zitakushinda nini?"

Nikaona hesabu iko sawa. Akanipa mwezi mmoja wa majaribio.

Siku ya kwanza nilizima ruta saa tano asubuhi, ili nianze na mtandao uliotulia. Nyumbani hakuna anayelalamika isipokuwa televisheni. Hapa walilalamika watu saba kwa mpigo, na dada wa mapokezi alikuwa katikati ya kupokea vipimo vya kinywa kizima. Nikajifunza kwamba ofisini unauliza kwanza. Zaidi ya hapo sikujifunza kitu.

Wiki ya pili mama mdogo akalalamika kwamba waifai haifiki ofisini kwake. Jambo dogo hilo. Nikaleta ruta yangu ya zamani kutoka nyumbani, nikaichomeka kwenye waya wa mtandao uliokuwa ukutani kwake, nikaificha nyuma ya pazia kwa sababu binti yangu aliibandika stika za vipepeo. Mama mdogo akanisifia mbele ya watu, nami kichwa kikavimba.

Kesho yake asubuhi kompyuta tatu hazikuiona seva. Nikazizima zote tisa, nikaziwasha. Zile tatu zikapona, nyingine nne zikaugua. Siku iliyofuata ikawa vilevile, ila kwa watu wengine. Meno yakalala mezani bila vipimo, madaktari wakapiga simu, na dada wa mapokezi akawa anawajibu kwamba bosi hayupo huku bosi amesimama ubavuni mwake.

"Nani kagusa nini?" mama mdogo akauliza mbele ya wote.

Swali nililijua, ni langu. Jibu ndilo sikuwa nalo. Macho yangu yakatua kwa Mzee Msasa, mng'arishaji wa meno, aliyekalia kiti kilekile miaka ishirini na miwili. Kwenye kompyuta yake ilikuwa imechomekwa flashi ya nyimbo za zamani.

"Flashi za nje huleta virusi," nikasema. Sikumtaja mtu. Hapakuwa na haja.

"Mwanangu, hii iko hapa tangu mwaka juzi," mzee akaniambia kwa upole, akaichomoa.

Mama mdogo akaitia kwenye droo, akamwambia akae nyumbani kuanzia Jumatatu mpaka atakapoitwa. Pale kazini hakuna aliyewahi kuitwa. Nilijisikia vibaya, lakini si kwa kiasi cha kukosa hamu ya chakula cha mchana.

Ijumaa flashi ikiwa bado drooni, kompyuta nne zikagoma tena. Ndipo nikafanya jambo ambalo mtu wa mtandao hulifanya siku ya kwanza: nikakaa, nikasoma. Kumbe kompyuta ikiwaka huomba namba, na ruta ndiyo huigawia. Nikalinganisha namba ya kompyuta nzima na ya iliyogoma. Ile nzima ilikuwa na namba ya ofisi. Iliyogoma ilikuwa na namba ninayoijua kwa ghibu, kwa sababu naiona kila siku sebuleni kwangu.

Ruta zinazogawa namba zilikuwa mbili. Kompyuta iliyojibiwa na ruta ya ofisi ilifika kwenye seva. Iliyowahiwa na ya kwangu ilikuwa inamtafuta mtu kwenye nyumba asimoishi.

Nikapanda juu, nikaichomoa, nikaitia ndani ya koti. Niliposhuka na kuwasha upya zile nne, zote zikaiona seva. Watu wakapiga makofi.

"Kwa hiyo kweli ilikuwa flashi," mama mdogo akasema. "Virusi vilichelewa kutoka tu. Hongera, Zima-Washa. Majaribio yako yamekwisha leo."

Ningeweza kunyamaza. Mzee Msasa alikuwa anafunga brashi zake kwenye gazeti, moja moja, wala hakuniangalia. Ruta ilikuwa na joto bado, naisikia ubavuni. Nikaona aibu, ile inayopanda mpaka masikioni.

"Si flashi," nikasema, nikaiweka ruta mezani na vipepeo vyake. "Ni mimi."

Nikaeleza yote. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Majaribio yanaanza upya Jumatatu," akasema. "Na kila utakachochomeka kwenye ukuta wangu utakiandika."

Kisha akamrudishia mzee flashi yake kwa mikono miwili, akamwomba radhi, akanigeukia akingoja. Nami nikaomba.

Mzee akafungua gazeti, akazipanga brashi mahali pake. Akachukua jino, akalitazama kwenye mwanga.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila niambie. Huko nyumbani vitu vikiharibika, ulikuwa unamsingizia nani?"

"Mke wangu."

"Miaka mingapi?"

"Kumi."

Akawasha mashine yake ya kung'arisha, akaniambia leo nitoke mapema, niwahi nyumbani.