Begi Lazima Lielee

Binti yangu Warda alipotutumia tiketi za ndege twende Mwanza tukapumzike wiki mbili kwa wakwe zake, niliomba kitu kimoja tu: nifike pale na begi la matairi. Jekundu, likipatikana. Siku ya harusi yake mkwe mwenzangu, Bi Zabibu, alishuka Kibiti akiburuta mabegi mawili kwa vidole viwili, na mimi nikampokea nikiwa na nguo zangu kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Kwetu Mbwera kila mtu husafiri na ndoo, maana boti ina maji chini na mawimbi juu. Bi Zabibu aliitazama tu ile ndoo, na mtazamo wake ninao mpaka leo.

Basi nikamwambia mume wangu, Bushiri, safari hii ndoo sitaki kuiona.

"Sawa," akasema. "Begi nitachagua mimi."

Hapo ndipo nilipokosea, kukubali. Bushiri ameendesha boti miaka thelathini na kwake mzigo una sifa moja tu. Tulivuka kwa boti, tukapanda gari mpaka Kibiti, tukaingia duka la Abdulrazaq. Begi langu lilikuwa pale mlangoni, jekundu, zipu zinang'aa, moyo wangu ukadunda kama wa mwali. Bushiri akalibonyeza. Akalinusa. Akauliza, "Maji mnaweka wapi?"

Abdulrazaq, mtu wa adabu, alidhani mzee anataka kutawadha maana adhuhuri ilikuwa imekaribia. Akamwonyesha pipa la maji ya mvua nyuma ya duka. Bushiri akaenda nalo begi.

Nilisikia mlio wa kitu kikubwa kuingia majini, halafu kelele za Abdulrazaq, nikawafuata huko nyuma.

"Mzee! Mzee wangu! Unafanya nini?"

"Natazama kama linaelea."

"Kwani mnasafiri na nini?"

"Ndege."

Abdulrazaq alinigeukia mimi kutaka msaada. Nikatazama mawingu. Begi lilikunywa maji, likainama upande, likazama kwa heshima zake zote, na Bushiri akatikisa kichwa kama daktari aliyeleta habari mbaya. Tukalilipia, tungefanyaje. Nikalibeba linachuruzika mpaka stendi, na nikamnunia mume wangu njia nzima.

Kesho yake tulikwenda Bungu. Sijui habari zilipita njia gani, lakini mwenye duka la kwanza alipotuona alivuta pazia. Wa pili akasema mabegi yameisha, na nyuma yake yamejipanga mpaka juu. Wa tatu alikuwa mama mmoja, Hajira, aliyekwishasikia kila kitu na aliyetaka kujionea mwenyewe. Akatuletea beseni la kufulia, akaita na majirani. Bushiri alijaribu mabegi manne mbele ya watu, na kila moja lilipozama watu walisema "Aaah!" Nilitamani ardhi inimeze, lakini Bungu ardhi yake ngumu.

La tano lilikuwa la plastiki ngumu, jekundu. Likaelea. Watu wakapiga makofi, Hajira akapiga kigelegele. Mimi pia, Mungu anisamehe, nikapiga.

Unadhani yaliishia hapo? Tulipofika nyumbani Bushiri akalijaza mchele kilo ishirini na tatu, maana binti yetu mdogo, Yasmin, tuliyekuwa tunasafiri naye, alisoma kwenye tiketi kuwa ndiyo mwisho wa uzito. Akalitia mtoni.

"Mama Warda, hebu njoo ulishike uone linavyokubeba."

"Sishiki begi majini mimi! Ndege inapita juu, Baba Warda. Juu!"

"Na Mwanza kuna nini?"

"Kuna ziwa," akajibu Yasmin.

"Basi," akasema Bushiri, kana kwamba amemaliza kesi. Nikaona huyu mzee ameshachanganyikiwa, nikaenda zangu kuepua mboga.

Siku ya safari nilijiona mtu. Ndoo moja ilikuwemo, nilishindwa kuizuia, kwa sababu ilijaa kamba wakavu wa kumpelekea Bi Zabibu; ila niliishonea ndani ya kiroba, iende na mizigo mikubwa, isionekane. Uwanja wa ndege nikaliburuta begi langu kwa vidole viwili. Tulipofika kaunta dada mmoja akaliweka kwenye mkanda, likaanza kuondoka lenyewe.

"Linakwenda wapi?" akauliza Bushiri.

"Kwenye buti la ndege, mzee. Mtalipokea Mwanza."

"Halikai na mwenyewe?"

"Haliwezi, mzee."

Sijawahi kumwona mume wangu na uso ule. Alilitazama begi mpaka likapotea nyuma ya pazia la mpira. Halafu akakipokonya kile kiroba kabla hakijapandishwa, akakichana, akafungua mkoba mpya wa Yasmin na kumimina humo kamba wote.

"Baba! Nguo zangu!" Yasmin alikaribia kulia. "Nitanuka kamba Mwanza nzima!"

Bushiri akafunga mfuniko wa ndoo, akaubana kwa kiganja. Kwenye ukaguzi askari mmoja akaitikisa.

"Ndani kuna nini?"

"Hamna kitu."

"Unasafiri na ndoo tupu?"

"Ikijaa inazama," akajibu Bushiri.

Nilikaa dirishani nimemgeuzia mgongo. Nilikuwa na hasira ya kweli. Miezi yote ile ya kuomba begi, na sasa nafika na ndoo ile ile. Mhudumu akatuonyesha majaketi ya kujiokolea, yapo chini ya kiti, na Bushiri akainama kulipapasa la kwangu, akainuka hajaridhika.

Tulipoanza kushuka, ziwa likatokea chini yetu, jingi, halina ng'ambo. Nikasikia kitu magotini mwangu. Bushiri amenipakatisha ndoo.

"Ikumbatie," akasema kwa sauti ndogo. "Wewe hujui kuogelea. Mwaka ule boti ilipopinduka nilikushika kwa mkono mmoja mpaka tukafika kwenye mikoko. Mkono wenyewe umezeeka, Mama Warda. Siuamini tena."

Nilitaka kumtukana. Miaka kumi na minane imepita tangu siku ile na hatujawahi kuitaja. Nikaikumbatia ndoo. Ilinuka kamba, na mimi nililia, na Yasmin akajifanya analala.

Ndege ikatua pakavu. Begi likatoka kwenye mkanda, jekundu, zuri kama nilivyoliota, nikamwambia Bushiri aliburute yeye. Nje Bi Zabibu alikuwa amesimama na Warda. Akanikumbatia, kisha macho yake yakashuka mkononi mwangu, yakakaa pale.

"Lete nikupokee, mkwe," akasema, akinyoosha mkono.

"Hii hapana," nikamwambia, nikaihamishia mkono wa pili. "Mpokee Baba Warda hilo begi."